Aliyekuja na Kibuyu

Homa Bay,
Jumanne, baada ya mvua.

Mama yangu wa Kegonga,

Hodi hapo nyumbani. Ninabisha kwa karatasi kwa sababu mimi bado ni mzazi, na barabara ya kuja kwako haimhurumii mwanamke aliyejifungua majuzi. Umeamkaje? Na Baba, goti lake limetulia au bado linatabiri mvua kuliko redio? Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa karibu kuzaa, amezaa? Mwanao Chacha huniuliza habari za ng'ombe huyo kabla hajaniuliza kama nimekula, kwa hiyo tafadhali jibu hilo kwanza, nipate amani katika nyumba hii.

Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ananyonya, analala, na shingo imeanza kupotea kwa unene. Mwanao anachomelea mageti ya watu tangu asubuhi, akirudi jioni nguo zake zinanukia chuma, na bado anataka kumbeba mtoto kabla hajaoga. Cherehani yangu nimeifunika shuka. Wateja wa sare za shule wanapita mlangoni, wanachungulia, wanasema watangoja. Nami huketi hapa mlangoni nikitazama ziwa. Magugu yameletwa na upepo mpaka ufuoni, kijani kitupu, ukiangalia vibaya unaweza kuchukua jembe uende kupanda mahindi. Kuna nyakati sijui kama nimelala au niko macho. Mtoto akifumba macho nami nafumba, akifumbua nafumbua, na mchana umepita.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Mama, nimekupigia mara nyingi. Kila nikipiga, watoto wa wifi Robi wanakuweka kwenye spika pale dukani kwake, na kabla sijamaliza salamu nimejibiwa na duka zima. Jambo hili si la spika. Tena najua unaisoma Biblia yako ya Kiswahili bila miwani, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sisi wawili, wewe na Kikuria chako, mimi na Kijaluo changu. Anayekuletea barua hii ni yule binamu wa Chacha anayepeleka samaki wa omena Kegonga. Nimemwambia akupe mkononi, asiwape watoto. Tafadhali isome ukiwa umeketi.

Ni habari za jina la mtoto.

Wajua alizaliwa mvua ikinyesha. Mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Mbita kunihudumia, alimwita Akoth kabla hata kitovu hakijakauka, maana kwetu mtoto wa mvua ni Akoth. Lakini hilo kwetu ni jina la hali ya hewa tu. Jina lenyewe huja na mwenyewe. Mtu wenu aliyefariki anakutokea ndotoni, nawe unajua kwamba anataka kurudi katika mtoto huyo. Asipopewa nafasi, mtoto hulia. Na wetu alilia, Mama. Alilia mpaka majirani wakaacha kuuliza.

"Hii mtoto anataka jina yake," mama yangu akasema. "Si njaa. Angalia vile anakataa titi."

Akampakata, akaanza kuwaita marehemu wa kwetu mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita majina darasani. Aliwaita wa upande wa baba, akawaita wa upande wake, akamfikia hata shangazi mmoja ambaye nilikuwa nimesikia kwamba hakuna anayetaka arudi. Mtoto aliwakataa wote. Chacha alikuwa amesimama mlangoni na nyundo mkononi.

"Mama," akasema, "labda huyu anangoja mtu wa Kegonga."

Alikuwa anatania. Mama yangu alimtazama kwa namna ambayo ilimfanya arudi kazini.

Basi mchana mmoja nikalala nimeketi, mtoto kifuani. Nikaona njia pana na nyasi zimegeuka manjano pande zote. Pale njia inapoingia kwenye mto alikuwa amesimama bibi mzee, kitambaa cheusi kimefungwa begani, kibuyu amekikumbatia, shingo ya kibuyu imezungushiwa shanga nyeupe. Alikuwa ameegemea upande mmoja. Hakutaja jina. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Mbona mmechelewa?" Kisha akasogea pembeni tupite. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Niliamka maziwa yamelowesha nguo yote.

Mama yangu aliposikia alikasirika kidogo. "Shanga kwa kibuyu? Huyo si mtu yetu," akasema, kama mtu aliyenyimwa zamu yake. Ndipo nikakupigia wewe.

Unakumbuka. Nilipotaja kibuyu na namna alivyoegemea, ulinikatiza. Kisha ukaniuliza alikuwa akichechemea mguu upi. Mimi sikuwa nimeangalia mguu, lakini ulipouliza tu nikauona, nikasema wa kushoto. Ukasema, "Huyo ni mama yangu. Ni Gati." Halafu ukaniuliza kwa sauti ndogo kama alikuwa amekasirika. Nikakuambia hapana, Mama, alitupisha njia. Ulilia, na nikajua duka lote linasikia, lakini hata watoto wa Robi hawakucheka.

Jioni ile Chacha alinieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza tangu tuoane. Kwamba mama yako alifariki kule Ntimaru wakati ule wa wizi wa ng'ombe, watu wa upande wenu na wa upande ule hawapitani. Kwamba ulimfunga yeye Chacha mgongoni ukaenda mpaka mtoni, na wanaume waliokuwa wakilinda njia wakakurudisha. Kwamba ulipanda kilimani ukaliona vumbi la waombolezaji, ukakaa pale mpaka vumbi likatulia, na hukupata kutupa udongo kaburini mwa mama yako. Na kwamba katika watoto na wajukuu wote hujampa hata mmoja jina lake, kwa sababu uliamini angekataa. Nilimsikiliza nikiwa na mtoto anayelia mkononi. Nikainama nikamwita: Gati.

Akanyamaza. Akashusha pumzi ndefu ya mtu mzima aliyetua mzigo, akatafuta titi. Mama yangu akasema, "Ee. Mwenyewe amefika," akaanza kufunga mizigo yake ya kurudi Mbita, kazi imekwisha.

Hayo unayajua karibu yote. Haya yafuatayo huyajui.

Jumapili iliyopita kanisa letu hapa lilionyesha filamu ya familia ukumbini, wakashusha mapazia mchana kweupe. Ni filamu iliyotengenezwa kutoka kitabu cha zamani cha watoto, habari za mvulana na dada yake wanaompeleka mbuzi wao kwa nyanya yao ng'ambo ya mbuga. Kitabu hicho tulikisoma darasa la tano kule ziwani. Tulikuwa wanne kwa nakala moja, jalada halikuwepo, na nakala yetu ilianzia katikati ya sentensi. Tangu nikue sikuwahi kukifikiria tena. Mwanao hakukisoma kabisa. Anasema siku zake za shule alikuwa na shughuli za ng'ombe, na wewe ndiye unayejua kama ni kweli. Mimi nilitaka tu kwenda mahali nikae, mtu mwingine anisimulie, nisiulizwe chochote.

Mama, ni filamu nzuri. Taa zilipozimwa, ukuta wa kanisa ukawa mbuga, nyasi zinalala na kuinuka, na hakuna aliyekumbuka kwamba nyuma ya ukuta ule kuna jiko la kina mama. Mbuzi alikula kofia ya chifu, watoto wakacheka mpaka wakaanguka kwenye mabenchi. Mtoto wetu alikuwa macho, mwanga unapita usoni mwake, bluu, kisha manjano. Mimi nilikuwa nasinzia na kuzinduka, na kila nikizinduka wale watoto wawili walikuwa bado wanatembea. Nikajisikia kana kwamba natembea nao, na kwamba tumetoka Kegonga.

Halafu wakafika kwenye kivuko cha mto. Na pale alikuwa amesimama. Kitambaa cheusi. Kibuyu. Shanga. Ameegemea upande mmoja.

"Mbona mmechelewa?" akasema, na watoto wote wa ukumbini, ambao kitabu wanakijua kwa moyo, wakasema pamoja naye kwa sauti moja. Nikaushika mkono wa Chacha.

"Nini?"

"Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Gati."

Alimtazama yule bibi kwa muda mrefu. Kisha akaninong'oneza, "Awuor, huyo ni mtu wa kuigiza. Angalia hata hiyo viatu yake, ni mpya."

Kumbe nilikuwa nimembeba kichwani tangu darasa la tano. Kulikuwa na picha yake kitabuni, nimeikumbuka sasa, imechorwa kwa wino mweusi, na mtoto fulani alikuwa amemwongezea masharubu. Usingizi wangu ulimwondolea masharubu ukamleta kwangu kama mtu wa ukoo.

Nitakuambia nilichofanya kesho yake, ucheke kama unaweza. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa mwalimu wa Jumapili aliyeileta filamu ile. Nilitaka aniambie kwamba mwandishi wa kitabu aliwahi kufundisha Ntimaru. Au alipita tu, akanunua ndizi sokoni, akamwona mwanamke mmoja mwenye kibuyu, akamweka kitabuni. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyotaka chochote mwaka huu. Mwalimu akasema hapana, mwandishi alikuwa mtu wa mbali sana, hakuwahi kukanyaga pande zetu, yote aliyatunga akiwa kwake.

"Lakini mama mzee kama huyo," akaniongezea kwa wema, "si hata hadithi zingine ziko naye?"

Nikarudi nyumbani polepole. Nilipita hata kliniki, kwa vile niliamua kujua yote siku moja. Muuguzi akaniambia watoto wengi hulia hivyo kwa tumbo, na tumbo likikomaa huacha wenyewe. Ninakuandikia na hilo pia, nisikufiche hata chembe.

Jambo moja tu limebaki linanisumbua. Yule bibi wa filamu ni mkali. Anapiga mto kwa fimbo, anawafokea wale watoto, hawapishi mpaka wamemlilia na kumjibu maswali yake yote. Ukumbini watoto wadogo walijificha nyuma ya mama zao. Aliyekuja kwangu hakufoka. Aliniuliza kama mtu aliyekuwa na wasiwasi juu yetu, kisha akatupisha. Nilipomweleza Chacha hayo alikuwa anakula, hakuinua kichwa.

"Ndoto ni mpishi," akasema. "Inapika na kile iko jikoni."

Nikamwambia nitakuandikia wewe hayo yote.

Tuligombana, Mama, nami sioni haya kukuambia. Chacha hataki ujue. Aliweka sahani chini akasema, "Mama aliuliza kama mama yake alikuwa amekasirika, wewe ukasema hapana. Tangu siku hiyo Robi anasema mama analala vizuri, na hata anaimba akikamua. Sasa unataka umfukuze mama yake mara ya pili?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu aliyeyasema ni mtoto anayempenda mama yake. Nilikunja nepi nikazikunjua nikazikunja tena. Karibu nikubali kunyamaza. Kunyamaza ni rahisi. Hata sasa naweza kuichana karatasi hii nikamtuma binamu na omena peke yake.

Lakini umekwisha loweka wimbi la pombe ya sherehe ya jina. Umewaita kaka zako kutoka Ntimaru, nao watavuka kuja kwako, wao walioupitisha msiba ule bila wewe, na kinachowaleta ni jina la mama yenu. Watakula, watakunywa, halafu mtu mzima mmoja atasema, huyu mke wa Chacha asimame atueleze aliota nini. Nitasimamaje? Nikisema ndoto bila ukumbi wa kanisa, nitakuwa nimewadanganya wazee. Nikisema na ukumbi wa kanisa, utakuwa umeaibika mbele ya kaka zako, na hukujua. Chacha anajua, mimi najua. Nyumba nzima ijue, na mwenye mama asijue? Hapana.

Tena kuna ile siku nilipoletwa kwako mara ya kwanza. Shangazi za Chacha walidhani sielewi, wakasema kwa Kiswahili kabisa, "Huyu Mjaluo hata ugali ya wimbi hajui kusonga." Nawe ukawajibu, "Atajua. Mimi ndio nitamfundisha." Ukanifundisha, na ulinipiga kwenye vidole kwa mwiko nilipoweka maji mengi, nami nikajua nimekubaliwa. Mtu aliyenipokea hivyo siwezi kumlisha kitu ambacho mimi mwenyewe nimeona hakijaiva.

Basi sasa ni wewe, Mama. Sijui ni nani aliyenijia mchana ule. Huenda ni kitabu. Huenda ni uchovu wa mzazi na mvua juu ya mabati. Huenda mama yako alitafuta mlango wa kuingilia, akaukuta huu wa darasa la tano uko wazi, akaingia. Mama yangu wa Mbita, nilipompigia, ndivyo anavyosema, lakini yeye ni mtu asiyekubali kushindwa. Mimi sitashika upande mbele yako. Ninachokijua bila ndoto ni kwamba kuna mwanamke aliyeketi kilimani akitazama vumbi la maziko ya mama yake na mtoto mgongoni, na kwamba tangu hapo hajaacha kumpenda mama huyo hata siku moja. Huyo simwoti, namfahamu, na ningependa binti yangu apewe jina na mtu kama huyo hata kama hakuna marehemu aliyetumwa.

Kwa hiyo usiahirishe chochote. Wimbi lisimwagwe. Tutakuja Ijumaa kabla ya wageni, Chacha ameomba ruhusa kwa tajiri wake. Nikifika mlangoni nitakupa mtoto mikononi na sitataja jina. Wewe ndiwe utakayemwita. Ukisema Akoth, tutamwita Akoth, na wageni watakunywa kwa heshima ya mvua, haijawahi kumkosea mtu. Ukisema Gati, atakuwa Gati kwa sababu nyanya yake amemwita hivyo kwa kinywa chake akiwa na habari zote, na atakayeniuliza ndoto yangu nitamwambia, muulize mwenye nyumba.

Wala usifikiri kwamba barua hii imefuta lile jibu nililokupa kwenye simu. Uliniuliza kama alikuwa amekasirika. Mimi sasa sina bibi wa kumtolea ushahidi, lakini nina mtoto wangu. Nimejifunza kwa wiki chache hizi kwamba mtoto akizuiliwa kukufikia, hasira haimwendei mtoto. Ingekuwa ni huyu wangu yuko ng'ambo ya mto na wanaume wamemzuia, ningekufa nikimhurumia. Hilo sikuliota.

Nisalimie Baba sana na umwambie goti alikande kwa maji ya moto yenye chumvi, asijifanye kijana. Msalimie wifi Robi, aliye upande wangu katika nyumba ile, na umwambie kitenge chake nitakishona nikirudi kwenye cherehani. Wale wanawe washika simu wasalimie pia, na uwafiche barua hii. Mama mchungaji, aliyeniombea nilipokuwa mjamzito, mwambie maombi yalifika na yana mashavu. Na kaka zako wa Ntimaru wakitangulia kufika kabla yetu, wape salamu za heshima za mke wa mpwa wao.

Nilitaka kuweka kalamu hapa. Lakini mtoto ameamka nyuma yangu, akaanza kulalamika, nami nikageuka kumtuliza huku mkono bado uko kwenye karatasi. Nimemwita bila kufikiri. Jina lililotoka kinywani ni Gati. Nimeona nikuandikie na hili, Mama, ili siku ya Ijumaa ukisimama mlangoni ujue kwamba nilikuambia sitashika upande, na nimeshindwa.

Mkwe wako anayekupenda,
Awuor, mke wa Chacha.